Mstari usiokuwepo kwenye karatasi ya kisima chetu

Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maji na afya Zanzibar

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum warahmatullah.

Barua hii, ya kuomba visima vyetu virefu vipimwe aseniki, sumu isiyoonekana majini, si ya kwanza. Ya kwanza niliiandika kwa mkono, ya pili nikaichapisha ili isomeke, na zote mbili nikazipeleka mwenyewe mpaka nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Mihuri ninayo, majibu sina. Jina la ofisi silitaji, kwa sababu kijana aliyenipokea alikuwa mstaarabu, akaniletea kiti, na huenda nilimsomesha. Sasa naandika hadharani, labda safari hii itasomwa na mtu mwenye kalamu ya kutia saini.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesomesha kemia na fizikia katika skuli za sekondari za Pemba kwa miaka thelathini na moja, na leo ni katibu wa kamati ya maji ya shehia yetu, huku kaskazini upande wa Micheweni. Kazi ya katibu ni kuweka daftari la wanaochangia umeme wa pampu, kushika funguo, na kutukanwa umeme ukikatika.

Kisima chetu kirefu kina miaka mitatu. Kilichimbwa kwa fedha za wafadhili, Mungu awalipe. Siku ya kufunguliwa ilisomwa dua, utepe ukakatwa, watoto wakarushiana maji, na wanawake waliokuwa wakitembea na madumu tangu alfajiri wakapiga vigelegele vya kweli, si vile vya kuagizwa. Mimi pia nilishangiria, na sijabadilika katika hilo. Anayedhani barua hii inapinga visima ameisoma kinyume.

Aliyeanza kuona jambo ni mke wangu. Wiki ya pili hivi, asubuhi, aliniita jikoni: "Mwalimu, hebu njoo uitizame hii chai." Alikuwa ametia majani kwenye birika, na chai ya rangi, ambayo mimi na wewe tunajua inavyokuwa, ilikuwa nyeusi ti. Juu yake pameelea utando unaometameta kama tone la mafuta ya taa kwenye dimbwi. Akamimina kikombe cha pili kwa maji ya mvua tuliyokinga kwenye pipa. Hicho kikatoka chekundu, safi. Vikombe viwili vikakaa juu ya meza, kimoja wino na kimoja chai, na yeye amejishika kiuno ananisubiri mimi mwenye kemia yangu.

Nikamweleza kwamba ni chuma. Chuma kilichoyeyuka kwenye maji kikikutana na tanini iliyomo kwenye majani ya chai hutoa weusi, na wino wa kuandikia wa zamani ulitengenezwa kwa njia hiyo hiyo. "Kwa hiyo tunakunywa wino," akasema, na akarudi kwenye pipa la mvua. Tangu siku hiyo chai ya nyumbani kwangu ni ya maji ya mvua, na mvua zikikatika hatunywi chai, tunakunywa maneno.

Baadaye kila nyumba ilikuwa na hadithi yake. Ndoo nyeupe ikilazwa na maji huamka na mduara wa kutu chini. Kanzu za Ijumaa zilianza kugeuka rangi ya maganda ya ndizi. Watu wakazoea, kama tunavyozoea kila kitu.

Chuma chenyewe hakikunitisha. Kilichonikosesha usingizi ni kile ambacho chuma kinasema. Maji yenye chuma kilichoyeyuka ni maji yaliyokaa chini ya ardhi bila hewa. Huko chini mchanga huwa umevaa kutu, na kutu ina tabia ya kushika vitu vingine, aseniki ikiwemo, ile ambayo Waarabu huiita zarnikhi. Maadamu pana hewa, kutu hubaki imeganda na kilichoshikwa hubaki kimeshikwa. Hewa ikikosekana na pakawa na mabaki ya mimea yanayooza, kutu huyeyuka, na kilichokuwa kimeshikwa huachiwa ndani ya maji. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Chumvi ya bahari ikiingia kisimani tunaijua kwa ulimi, na sisi watu wa visiwani ndivyo tulivyozoea kuyahukumu maji: ya baridi, ya chumvi, ya magadi. Aseniki haimwambii ulimi chochote.

Basi nikaenda kuomba karatasi ya vipimo vya kisima chetu. Nilizungushwa, lakini nikaipata, na kwa hilo nashukuru. Ni ukurasa mmoja. Kuna uchachu, kuna chumvi, kuna ugumu wa maji, nitrati, vijidudu vya kinyesi (hakuna, alhamdulillah), na chuma, ambacho mbele yake pameandikwa kwa kalamu "juu kidogo". Nikausoma ule ukurasa mara tatu, nikaugeuza nyuma kama mtoto anayetafuta swali la mwisho la mtihani. Mstari wa aseniki haukuwepo.

Nilipouliza nikajibiwa: "Mwalimu, hiyo ni ya kwenye migodi ya dhahabu huko Bara."

Kwa upande mmoja alisema kweli. Kanda ya Ziwa, kuzunguka Geita na Mara, watafiti wamekuta aseniki kwenye baadhi ya vyanzo vya maji ya kunywa, kwa kuwa huko dhahabu na aseniki hukaa mwamba mmoja. Na sisi mwamba wetu ni mwingine: chokaa ya matumbawe, mchanga, udongo wa mfinyanzi. Simwambii mtu yeyote kwamba maji ya Pemba yana sumu, na ninaomba atakayeisambaza barua hii asiikate mahali pa kunifanya niseme hivyo. Lakini Bangladesh nako hakuna mgodi wa dhahabu. Kuna mchanga na matope yaliyoletwa na mito, yasiyo na hewa, yenye chuma. Na chai, nasikia, huwa nyeusi.

Naomba mnivumilie niwasimulie ya Bangladesh, maana ndiyo kisa kinachofanana na chetu kwa nia, hata kama hakifanani kwa mwamba. Katika miaka ya 1970 na 1980 watoto wa kule walikuwa wakifa kwa kuharisha, kwa sababu ya kunywa maji ya mabwawa. Serikali, ikisaidiwa na UNICEF na wengineo, ikahimiza visima vya bomba la kusukuma kwa mkono. Vikaenea nchi nzima kwa mamilioni. Maji yalikuwa meupe, ya baridi, hayana vijidudu, na kila mtu alijivunia kisima chake uani. Hakuna aliyepima aseniki, kwa sababu hakuna aliyeifikiria. Upande wa pili wa mpaka, Bengali ya Magharibi nchini India, daktari wa ngozi K. C. Saha alianza mwaka 1983 kuona wagonjwa wenye madoa mwilini na nyayo zilizokakamaa, na Bangladesh yenyewe ikathibitisha aseniki kwenye visima mwaka 1993. Mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makadirio kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 125 hivi, walikuwa hatarini.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hicho. Kila mmoja alikuwa anaokoa watoto. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye karatasi.

Shirika hilo hilo la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za aseniki kwa lita tangu 1993, na kabla ya hapo kilikuwa 50. Kwa wasiopenda hesabu: mikrogramu 10 kwa lita ni gramu moja, robo ya kijiko cha chai cha sukari hivi, iliyotawanywa ndani ya matangi ishirini ya lita elfu tano tano.

Sasa nije kwenye moyo, maana hapo ndipo watu wengi hushangaa. Ukisema aseniki mtu hufikiria sumu ya panya, au saratani. Saratani ni kweli, ya ngozi, ya mapafu, ya kibofu. Lakini mishipa ya damu nayo huumia, na ushahidi ni wa zamani. Kusini magharibi mwa Taiwan, watu waliokunywa maji ya visima virefu walipata maradhi ya miguu kugeuka myeusi na vidole kuoza kwa kukosa damu, mpaka walipoletewa maji ya bomba. Kule Antofagasta, Chile, mji ulibadilisha chanzo cha maji mwaka 1958, ukaanza kunywa maji ya mto yenye aseniki karibu mara themanini na sita ya kikomo cha leo, hadi mtambo wa kuisafisha ulipofunguliwa mwaka 1970. Vifo vya shambulio la moyo vikapanda, hata kwa wanaume ambao umri wao haujafika wa kufa kwa moyo. Mtambo ulipofanya kazi, vikashuka.

Na kuna Araihazar, wilaya ya Bangladesh, ambako watafiti waliwaandikisha watu 11,746 kuanzia mwaka 2000, wakapima maji ya kisima cha kila mmoja na mkojo wake, kisha wakawafuata kwa miaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionesha kwamba kadiri aseniki ilivyozidi majini ndivyo vifo vya maradhi ya moyo vilivyozidi. Wavutaji sigara walikuwa na hali mbaya zaidi: hatari ya aseniki na hatari ya sigara zilipokutana kwa mtu mmoja, zilizidi jumla ya hizo mbili. Nawataja wavutaji kwa sababu ninawaona hapa barazani ninapoandika.

Inavyofanya kazi naeleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Aseniki hupenda salfa, na protini nyingi za mwili zina salfa mahali ambapo kazi inafanyika. Aseniki huzing'ang'ania na kuzizuia. Kisha huwasha cheche, yaani molekuli za oksijeni zilizochangamka kupita kiasi, zinazounguza utando wa ndani wa mishipa ya damu. Utando ukichubuka mafuta hunata, mshipa hukaza, presha hupanda. Mwili una zimamoto wake, ndio hao wanaoitwa antioksidanti, mmojawapo akiitwa glutathioni, na huyo huyo ndiye anayesaidia ini kuigeuza aseniki ili itoke kwa mkojo. Kwa hiyo aseniki inapoingia, zimamoto ana moto wa kuzima na takataka za kuondoa kwa wakati mmoja. Mtu anayekula vizuri ana zimamoto wengi. Mtu wa wali na mchuzi mkavu siku saba ana wachache.

Hapo ndipo inapoingia habari ya virutubisho, na hapo ndipo nina ugomvi kidogo.

Mwaka jana alifariki shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mvuvi, umri wake arobaini na nne. Mwembamba, havuti. Alirudi pwani alfajiri, akakaa barazani kuvua viatu, akasema kifua kinambana, na hakuinuka. Sisemi ni maji. Kisima chetu ni kipya mno, na aseniki ni sumu ya miaka kumi na ishirini, haina haraka. Kabla ya hapo alikunywa kisima cha kamba cha zamani, nacho hakina karatasi kabisa. Mtu hufa kwa ajali yake, na mimi si wa kumtafutia mayiti sababu asiyoiacha. Ninalosema ni kwamba tulipokuwa tumekaa kwenye matanga, watu wakihesabu, tulihesabu wanne wa umri huo katika mitaa miwili. Swali likaulizwa, na hapakuwa na mtu mwenye kitu cha kulijibia.

Siku ya tano akaja kijana na begi. Anauza vidonge vya "kusafisha mishipa", boksi lina picha ya moyo unaong'aa na limeandikwa antioksidanti kila upande, shilingi 45,000. Mjane alikuwa tayari kuuza kuku. Nilimfukuza yule kijana kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatumia matangani.

Mwezi uliofuata tukaletewa semina ya lishe. Wahadhiri wazuri, chakula kizuri. Tukaambiwa tule mboga na matunda, kwa kuwa yana antioksidanti zinazolinda moyo. Nikanyoosha mkono nikauliza juu ya maji. Nikaambiwa mada ya maji iko wizara nyengine.

Waheshimiwa, wa maji na wa afya, nawaandikieni barua moja makusudi, mkae meza moja.

Lishe naikubali. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Mary Gamble wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha jaribio la Bangladesh: watu wenye upungufu wa foleti, vitamini ya kwenye mboga za majani na kunde, walipewa mikrogramu 400 za asidi ya foliki, yaani foleti ya kidonge, kila siku kwa wiki 12. Aseniki katika damu yao ikashuka kwa asilimia 14 hivi, na kwa waliopewa vidonge visivyo na kitu ikashuka asilimia 2 tu. Foleti ndiyo inayolisaidia ini kuigeuza aseniki ili itoke. Hiyo foleti tunayo: mchicha, matembele, kunde, choroko, mbaazi. Mkitaka kutuhimiza tulime mchicha, nitakuwa wa kwanza kushika jembe.

Lakini hesabu ni hesabu. Ukipunguziwa kumi na nne katika mia, themanini na sita bado unazo, na kesho asubuhi unakunywa nyingine.

Na vidonge vya madukani ni habari tofauti kabisa na mchicha. Uingereza waliwapa watu wenye hatari ya moyo vitamini E, vitamini C na beta-karotini kwa miaka mitano. Walikuwa watu 20,536, nusu wakipewa za kweli na nusu za bandia, na matokeo yakatoka mwaka 2002. Vitamini zilipanda kwenye damu kama ilivyotarajiwa, na mashambulio ya moyo hayakupungua. Finland ndiko kulikotisha zaidi: wanaume wavutaji sigara 29,133 walifuatwa, matokeo yakachapishwa mwaka 1994, na waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Ile ile inayotia karoti na papai rangi yake. Chakula kina mamia ya vitu vinavyofanya kazi pamoja, na kidonge kina kimoja kwa wingi usio wa kawaida. Wanaoruhusu yale maboksi yaandikwe "husafisha mishipa" ninaomba wayasome tena.

Wengine watasema sisi Wapemba tumeshajaaliwa, tuna karafuu. Ni kweli, na nimefurahi kama nyinyi: timu iliyoongozwa na watafiti wa Norway ilipopima vyakula zaidi ya 3,100 na kuchapisha mwaka 2010, karafuu iliongoza viungo vyote kwa nguvu ya antioksidanti. Sasa nenda jikoni uhesabu ni karafuu ngapi zinaingia kwenye sufuria ya pilau la watu kumi. Na kipimo kile kilifanywa kwenye chupa ya maabara, si kwenye mshipa wa Mpemba. Karafuu ina sifa zake nyingi. Kusafisha kisima haimo.

Mchele nao mnapaswa kuuweka hesabuni, kwa sababu mpunga hufyonza aseniki kuliko nafaka nyingine, na sisi bila wali hatujala. Upishi wa biriani, wa kuchemsha wali kwa maji mengi na kuyamwaga, hupunguza sehemu ya aseniki iliyomo kwenye mchele, ilimradi maji ya kuchemshia yawe safi. Maji yakiwa nayo, wali huyanywa na kuongeza. Na mama mwenye kuchemsha maji ya kunywa kwa ajili ya kipindupindu, kama tulivyofundishwa na tunavyopaswa kuendelea, ajue kuchemsha hakuitoi aseniki. Maji hupungua kwa mvuke, aseniki hubaki ile ile kwenye maji machache zaidi. Klorini nayo huua vijidudu, haiitoi aseniki.

Sijasahau kipindupindu cha 2015 na 2016. Nimebeba majeneza. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba kwa barua ya mwalimu fulani kisima kimefungwa na watu wamerudishwa kwenye madimbwi. Kipindupindu huua kwa siku mbili, aseniki kwa miaka ishirini, na mwenye akili anayaogopa yote mawili kwa kipimo chake. Hata kisima kikikutwa nayo, maji yake yanafaa kufulia na kuoshea vyombo wakati ya kunywa yanatafutwa kwa jirani. Wenzetu wa Bangladesh walifanya hivyo: walipima visima karibu milioni 5, vikapakwa rangi mdomoni, kijani kwa salama na nyekundu kwa visivyofaa kunywa. Karibu milioni 1.4 vikawa vyekundu. Asiyejua kusoma aliijua rangi. Ila baadaye rangi zikafifia na visima vipya vikachimbwa bila kupimwa, na hapo ndipo ninapotaka tuwazidi.

Ninachoomba basi. Kila kisima kirefu kinachochimbwa Unguja na Pemba, kiwe cha Serikali, cha mfadhili, cha msikiti au cha hoteli, kipimwe aseniki kabla utepe haujakatwa, na mfadhili asipewe kibali bila kuonesha fedha ya kipimo. Ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kuchimba. Vilivyopo vianze na vile vyenye chuma. Msitafute mbali: ulizeni kinamama wa shehia gani chai yao ni nyeusi, mtapata orodha kwa siku moja bila mashine. Karatasi ya matokeo ibandikwe kisimani, kwa Kiswahili, na ile namba ya 10 iandikwe pembeni ili mtu alinganishe mwenyewe. Kisha kipimo kirudiwe kila baada ya miaka michache, kwa kuwa maji ya chini hubadilika kadiri tunavyoyavuta.

Vipo vifaa vya kubebwa mkononi, vichupa na unga na kijikaratasi kinachogeuka manjano hadi kahawia, vinavyotoa jibu chini ya saa moja. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaweza kuvitumia wakisimamiwa, na nipo tayari kuwasimamia bure. Maji yatakayotia shaka yapelekwe maabara. Maabara ya Afya ya Jamii iko Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000. Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar yupo. Chuo Kikuu cha Taifa kipo. Kama mashine haipo au imeharibika, tuambieni hivyo hivyo, kwa sababu kukosa mashine si aibu.

Na kwa wa afya: mkija kutupima presha, ulizeni na kisima. Andikeni mtu anakunywa wapi, kwenye kadi ile ile. Mkitaka kupima mkojo wetu, mwambieni mtu akae siku kadhaa bila pweza, samaki wala kaa, kwa kuwa aseniki ya vyakula vya baharini ni ya aina nyingine, isiyo na madhara kama ya kisimani, na itawachafulia hesabu. Mpemba siku tatu bila samaki mtamsikia, lakini akielezwa sababu atakubali.

Jambo la mwisho ni la chupa. Barua yangu ya pili nilikuwa na wazo la kuleta maji mwenyewe kwenye chupa ya maji ya dukani, nikajizuia. Maji yenye chuma yakikaa chupani na hewa, chuma huganda kuwa kutu, aseniki hunata kwenye kutu, vyote huzama chini, na mpimaji akichota ya juu hupata maji mazuri kuliko yale tunayokunywa. Chupa inatakiwa iwe imetiwa matone ya tindikali ya nitriki kabla. Kwa hiyo njooni na chupa zenu.

Pampu inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, na tena baada ya alasiri. Kabla ya kuchota iacheni iende dakika tano, yatoke yale yaliyolala kwenye bomba. Sheha anajua nyumbani kwangu, na funguo ninazo mimi.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu mstaafu, katibu wa kamati ya maji ya shehia
Kaskazini Pemba